Breki za mbele za W123 zinalia nikikanyaga kidogo: pedi mpya, diski zimekerezwa, bado

Benzi_Tanga

Habari wakuu.

Gari ni Mercedes-Benz 200 ya 1983, bodi ya W123, petroli, usukani kulia. Breki za mbele zinalia kwa sauti nyembamba na kali nikikanyaga kidogo, hasa ninapokaribia kusimama, kuanzia kama kilomita 30 kwa saa kushuka chini. Nikikanyaga kwa nguvu sauti inakata. Nikirudi nyuma hazilii kabisa. Usukani hautikisiki, gari halivuti upande, pedali iko juu na ngumu.

Kazi iliyofanyika: pedi mpya za mbele, diski zimekerezwa, kalipa (vifaa vinavyobana pedi kwenye diski) zimefunguliwa na kuwekwa mipira mipya ya pistoni pande zote mbili. Kelele imeanza baada ya kazi hiyo. Kabla ya hapo breki zilikuwa dhaifu lakini kimya. Kalipa zina maandishi ya ATE, jina la mtengenezaji. Fundi mmoja anashauri pedi zibadilishwe tena, mwingine anasema zipakwe grisi tu. Kabla sijatoa hela tena, nianzie wapi kukagua?

---

Fundi_Kalipa

Mkuu, usinunue pedi bado. Katika uliyoyaeleza kuna mambo mawili makubwa: breki hazilii ukirudi nyuma, na zimeanza kulia baada ya mipira ya pistoni kubadilishwa. Anayefungua kalipa za ATE bila kuweka alama ni rahisi sana kuzirudisha pistoni zikiwa zimegeuka.

Pistoni nyingi za ATE za enzi hiyo uso wake haulingani. Ukitoa pedi na kuchungulia kwa tochi utaona upande mmoja wa uso umechongwa ukaingia ndani kidogo, na sehemu iliyobaki imeinuka. Hicho kidato kimewekwa makusudi. Diski ikizunguka huivuta pedi kwenda nayo. Ukingo wa pedi unaoipokea diski kwanza ndio hujichimbia kwenye chuma, ukaachia, ukajichimbia tena, maelfu ya mara kwa sekunde moja. Pedi na kalipa zinatetemeka kwa mwendo huo, nayo diski inaitoa sauti. Kidato kikiwa upande ule diski inakoingilia, pistoni haiugusi mgongo wa pedi mahali pale. Inasukuma katikati na upande wa kutokea, kwa hiyo ukingo wa mwanzo unabaki mwepesi na haujikabi. Kikiwa kimegeukia kinyume, shinikizo linaangukia palepale pasipotakiwa. Ukirudi nyuma diski inazunguka kinyume na kidato kinajikuta upande sahihi, ndiyo maana kelele hupotea.

Unaweza kukagua bila kufungua bomba lolote la mafuta. Tia vizuizi magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki, weka stendi, toa gurudumu. Pini mbili zinazoshika pedi zigonge kwa panchi kutoka upande wa nje kuelekea ndani ya gari. Kichwa chenye mpasuko kiko upande wa ndani, ukigonga kinyume unakiharibu. Ukishatoa pini ya kwanza, shikilia springi ya msalaba kwa kidole kabla ya kugonga ya pili, vinginevyo itaruka. Chomoa waya wa senza ya pedi taratibu maana plastiki ya umri huo hukatika ikiguswa. Toa pedi MOJA tu. Nyingine iache ndani, ili pistoni ya upande wa pili isitoke ukisukuma hii.

Sasa zungusha habu (kitovu cha gurudumu) kwa mkono kama gari linakwenda mbele, uone diski inaingilia kalipa kutokea wapi. Kanuni ni hii: kalipa ikiwa mbele ya ekseli diski huingilia juu, ikiwa nyuma ya ekseli huingilia chini. Usiamini kumbukumbu, zungusha uone. Kidato kitazame upande huo.

Kidato hakisimami sambamba na ukingo wa pedi, kimeinama nyuzi 20. Kata bati lenye pembe ya nyuzi 20: ukingo mmoja ukalie uso wa kalipa unaoegemewa na kichwa cha pedi, ukingo wa pili ulale kwenye mstari wa kidato. Mwinamo uelekee wapi, tazama mchoro wa kitabu cha kalipa yako. Ukikuta uso wa pistoni ni duara kamili bila kidato chochote, basi ruka hatua hii, chanzo kiko kwingine.

Kuigeuza: kwanza nyonya mafuta kidogo kwenye chupa ya masta silinda kwa bomba la sindano, kwa sababu pistoni ikirudi ndani mafuta hupanda na kumwagika, na mafuta ya breki hula rangi ya gari. Rudisha pistoni milimita 2 au 3, kisha izungushe kwa koleo linalotanuka ndani ya tundu la pistoni. Marufuku kuikamata kwa praya upande wa nje. Ile kromu ikichubuka, mpira utakatika na kutu itaanzia hapo. Mpira wa vumbi ukijikunja pamoja na pistoni, unyooshe kwa kidole kabla ya kurudisha pedi.

Maliza pedi moja, ndipo uende ya pili.

---

Mkerezaji_Gerezani

Naunga mkono, kidato kwanza. Ila hizo diski zilizokerezwa nazo zisiachwe hivihivi, kwa sababu kukereza kubaya huleta kelele inayofanana sana na hiyo.

Kisu cha mashine kinapotembea juu ya diski kinaacha mfereji mmoja mrefu unaojizungusha kuanzia ndani mpaka nje, sawa na uzi wa bolti. Pedi hufuata mfereji huo, husogea kidogo kuelekea nje au ndani mpaka ifike mwisho wa nafasi yake, kisha hurudi. Pitisha ukucha kutoka katikati ya diski kwenda nje. Ukikwaruza kama unapita juu ya nyuzi, mwisho wa kazi haukufanywa vizuri. Mkerezaji makini humalizia kwa mzunguko wa polepole na kisu kinachokula kidogo sana, kisha hupiga msasa.

Hilo unaweza kulimaliza nyumbani. Chukua msasa namba 120, uuzungushie kipande cha mbao bapa, usugue diski pande zote mbili kwa miduara midogo midogo huku habu inazungushwa, mpaka mistari ya kisu isionekane tena na uso uwe na mikwaruzo isiyo na mwelekeo. Halafu osha kwa maji ya moto na sabuni, maana vumbi la chuma hubaki kwenye vinyweleo vya diski na kisafishio cha kupuliza peke yake hakilitoi. Kausha, ndipo upulize kisafishio cha breki.

Pima na unene. Diski mpya ya mbele ya W123 hii ni ya chuma kimoja kisicho na matundu ya hewa, unene wake milimita 12.6. Kiwango cha chini tazama mhuri kwenye diski au kitabu. Tumia maikromita badala ya vernia, kwa kuwa ukingo wenye kutu unaweza kubaki juu na vernia ikakalia ukingo ukadhani diski ni nene. Pima sehemu nane kuzunguka diski, kama sentimita moja na nusu kutoka ukingoni. Tofauti kati ya sehemu na sehemu isizidi sehemu mbili za mia za milimita, yaani 0.02. Diski iliyokonda kupita kiasi haina uzito wa kuzima mtetemo, inalia kirahisi, na inashika moto haraka.

Kuyumba kwa diski ni suala jingine. Kwenye gari hili diski imefungwa nyuma ya habu kwa bolti. Kama ilikerezwa peke yake ikarudishwa kwenye uso wa habu wenye kutu, chembe moja ya kutu pale katikati huwa kubwa ikifika ukingoni. Safisha uso wa habu na wa diski mpaka chuma cheupe, kaza bolti kwa kupishana, Nm 115 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Diski ikikerezwa tena, ikerezwe ikiwa imefungwa kwenye habu yake.

Lakini kabla ya kupima kuyumba rekebisha beringi. Geji ya mshale haitakupa jibu la kweli kama beringi ina mchezo. Nati ya W123 ina skrubu ya kuibana yenye tundu la pembe sita, ilegeze, kisha kaza nati huku unazungusha habu, rudisha kidogo mpaka mchezo wa kuingia na kutoka uwe 0.01 hadi 0.02 ya milimita, bana skrubu. Asiye na geji aangalie washa iliyo chini ya nati: iwe inasogea ukiisukuma kwa ncha ya bisibisi bila kutumia nguvu, na gurudumu lisicheze ukilishika juu na chini. Baada ya hapo funga geji kwenye sehemu isiyotikisika, weka ncha yake karibu na ukingo wa diski, zungusha mara moja kamili. Ikizidi 0.1 ya milimita rudi kwenye uso wa habu.

---

Pwani504

Niongezee upande wa pedi, maana hapo ndipo hela nyingi hupotea bila sababu.

Hakikisha kwanza ni pedi za kalipa yako. W123 hazikuwa na kalipa za mtengenezaji mmoja, ATE ni nyingi ila ziko pia za Bendix, na umbo la pedi halifanani. Muuzaji akiulizwa "pedi za W123" anaweza kukupa zozote. Peleka pedi ya zamani dukani, mlinganishe mgongo kwa mgongo: urefu, matundu ya pini, nafasi ya senza. Pedi iliyo fupi kwa milimita moja itaingia, na itagonga huku na huku ndani ya kalipa.

Pedi iwe inaingia na kutoka kwa vidole viwili. Ikihitaji nyundo, kuna kutu au uchafu kwenye njia zake, na gari la ukanda wa pwani hupata hilo upesi kwa sababu ya chumvi ya hewani. Sugua njia kwa brashi ya waya na tupa bapa, uondoe kutu tu bila kula chuma cha kalipa. Rangi nene iliyojikusanya kwenye masikio ya pedi mpya nayo iparue. Pini zenye mashimo ya kutu na springi ya msalaba iliyolegea usirudishe, seti ya pini na springi ni bei ndogo, na springi ndiyo inayozuia pedi isitetemeke pale unapokanyaga kidogo.

Tazama miisho ya nyenzo ya pedi. Ikiwa imekatwa wima kabisa, ichonge mshazari wa nyuzi 45, milimita 3 hadi 4, mwanzo na mwisho. Tumia tupa kali na weka pedi ikiwa na unyevu ili vumbi lisiruke. Kwa gari la zamani huwezi kujua pedi au lainingi (nyenzo inayobandikwa kwenye viatu vya breki za dramu) zilizokuwamo ni za nini. Nyingi za enzi hizo zilikuwa na asbesto. Usipulize vumbi la breki kwa kompresa. Loweka, futa kwa kitambaa chenye maji, kitupe kikiwa kimefungwa kwenye mfuko.

Kuhusu grisi, yule fundi wa pili hajakosea, ila grisi ina mahali pake. Inapakwa mgongoni mwa pedi pale pistoni inapogusa, na kwenye masikio yanayoteleza kwenye kalipa. Filamu nyembamba, chuma kionekane chini yake. Ikizidi, joto litaiyeyusha na kuishusha kwenye diski. Tumia ya seramiki au ya silikoni iliyotengenezwa kwa breki. Kopa grisi nyingi zina mafuta ya madini, zikifika kwenye mpira wa vumbi mpira unavimba. Grisi ya beringi isikaribie kabisa.

Pedi ikija na bati lake la kuzuia kelele mgongoni, usiongeze jingine. Ukiongeza, pedi inabana diski muda wote na utapata joto badala ya ukimya. Tena kama pistoni zina kidato, bati nene la kubahatisha linalofunika uso mzima linaiondoa ile nafasi aliyoeleza Fundi_Kalipa.

Aina ya nyenzo: kwa W123 ya kutembelea mjini na safari za kawaida, pedi laini za kiwango cha kiwandani zinatosha. Pedi ngumu zenye chuma kingi zinahitaji joto ndipo zishike vizuri, na kwenye diski nyembamba kama hizi zinalia zikiwa baridi. Watu huzinunua kwa sababu zimeandikwa za mbio.

---

Kobe_1300

Wakuu samahani kudandia. Mimi nina VW Kobe yenye dramu, za nyuma zinalia. Haya yote yananihusu? Na je, ni sahihi kupuliza WD-40 au kumwagia maji ya sabuni? Naona gereji nyingi wanafanya hivyo na kelele inakata.

---

Fundi_Kalipa

Kobe_1300, kupuliza mafuta ya aina yoyote kwenye breki ni hatari, usikubali. Kelele inakata kwa sababu msuguano umekata, na huo msuguano ndio unaosimamisha gari. Pedi au lainingi iliyonywa mafuta haifai tena. Kuichoma moto ili mafuta yatoke hakusaidii: juu hukauka, ndani yamebaki, na gundi inayoshika lainingi kwenye kiatu inadhoofika. Maji ya sabuni yanaosha vumbi kwa siku moja mbili, baada ya hapo kelele inarudi.

Dramu ni habari nyingine. Vumbi halina pa kutokea, hivyo linajikusanya na kung'arisha lainingi. Kwenye Kobe nati kubwa ya nyuma ni namba 36, ilegeze gari likiwa chini na handbreki imevutwa, halafu inua, legeza marekebisho ya viatu ili dramu itoke. Loweka vumbi kama alivyosema Pwani504.

Kabla ya kitu chochote angalia unyevu. Mafuta mazito yenye harufu ya giaboksi yanatoka kwenye sili ya ekseli. Majimaji membamba yanayolainisha rangi ya bati la nyuma yanatoka kwenye silinda ya gurudumu. Moja wapo ikivuja, tengeneza hiyo kwanza na viatu vibadilishwe pande zote mbili, kushoto na kulia pamoja.

Kukiwa kukavu, tazama bati la nyuma mahali kingo za viatu zinapoteleza. Kuna vibonye vilivyoinuka, na vikishalika vinakuwa na mikwaruzo, kiatu kinakwama kisha kinaruka. Sugua kwa tupa mpaka vilainike, paka grisi ya breki ya joto kidogo sana kwenye kila kibonye. Chonga miisho ya lainingi mshazari kama milimita 5. Lainingi inayong'aa sugua kwa msasa namba 80, na ndani ya dramu vilevile kwa mikwaruzo ya kukatana. Springi zilizonyooka badilisha. Hakikisha kiatu kinagusa dramu kwa upana wake wote: paka chaki ndani ya dramu, funga, zungusha huku umekanyaga kidogo, fungua uone. Ikigusa miisho peke yake italia mpaka ijile. Dramu iliyokerezwa ikapanuka huwa na shida hiyohiyo kinyume chake, lainingi inagusa katikati tu.

Kurudisha, nati ya nyuma inakazwa karibu Nm 300. Tundu la pini lisipokutana, endelea kukaza mpaka tundu linalofuata, usirudishe nyuma. Nati iliyolegea inakula meno ya dramu na ekseli, na huko mbele ni gurudumu kuchomoka.

---

Benzi_Tanga

Asanteni sana wakuu. Nimefungua. Kulia, pistoni zote mbili kidato kinatazama upande diski inakotokea, kinyume kabisa. Kushoto, ya nje iko sawa, ya ndani imegeuka robo mzunguko. Diski zina ile mistari ya kisu, ukucha unaisikia wazi. Beringi hazina mchezo.

Maswali mawili. Pistoni tatu zimerudi ndani kwa vidole gumba na kizibo cha mbao, lakini ile ya ndani kushoto ni ngumu mno. Na pedi zilizomo zimeanza kung'aa, je nizitupe?

---

Pwani504

Pedi usizitupe kama hazijanyonya mafuta, hazina nyufa na nyenzo imebaki zaidi ya milimita 3. Laza msasa namba 80 juu ya kioo kinene au marumaru bapa, lowesha, sugua uso wa pedi kwa umbo la nane mpaka ule mng'ao uishe wote na uso uwe bapa. Osha, kausha. Irudi palepale ilipotoka.

Baada ya kusugua pedi na diski zote mbili ni kama mpya, kwa hiyo zizoeshwe upya. Tafuta barabara tulivu. Fika kilomita 60 kwa saa, kanyaga kwa nguvu ya wastani mpaka 15, achia, ongeza mwendo taratibu, acha kama nusu dakika breki zipoe, rudia. Mara nane hadi kumi. Usisimame kabisa huku umeshikilia pedali breki zikiwa za moto, pedi itaacha alama ya nyenzo mahali ilipobana na baadaye utasikia gari linadunda kila ukikanyaga. Malizia kwa kuendesha dakika kumi bila kugusa breki zaidi ya inapolazimu. Diski iwe na rangi moja ya kijivu bila mabaka.

Asubuhi yenye umande zikilia mara moja au mbili kisha zikanyamaza, hiyo ni kutu ya usiku inafutwa na haihitaji kazi yoyote.

---

Fundi_Kalipa

Umeona, kulia kinyume na kushoto robo. Hicho ndicho chanzo kikubwa, na mistari ya kisu inaongezea.

Hiyo pistoni ngumu tafuta kwanza kama ni pistoni au ni mafuta yanayokataa kurudi. Mipira mirefu ya breki (mabomba ya mpira yanayoleta mafuta kwenye kalipa) ya umri huo huvimba kwa ndani. Ukikanyaga, shinikizo linapita kwa nguvu. Ukiachia, halirudi, na pedi inabaki imeshika. Jaribio ni dogo: bana pistoni kwa kisukumio mpaka ikatae, kisha mtu afungue nipeli ya kutolea upepo, ikiwa na bomba la plastiki lililozamishwa kwenye chupa. Ikirudi mara moja kwa ulaini, pistoni ni nzima. Kwa vile mwenzake wa kalipa hiyohiyo amerudi kwa vidole bila nipeli kufunguliwa, sidhani kama ni mpira mrefu, lakini jaribu maana haigharimu kitu. Mipira mirefu ya zamani ibadilishe tu hata hivyo, yote minne ya gari hili, kama hujui iliwekwa lini.

Nipeli ikiwa wazi na pistoni bado ngumu, basi imekwama yenyewe. Sababu ni mbili kwa kawaida. Ya kwanza ni mfereji wa mpira ndani ya kalipa: kutu na chumvi za mafuta ya zamani zimejijenga nyuma ya mpira, zinausukuma ubane pistoni kuliko inavyotakiwa. Anayebadilisha mpira bila kukwangua mfereji anaiacha palepale. Ya pili ni kromu iliyotoboka. Kwa vyovyote kalipa hiyo itoke. Itoe pistoni kwa shinikizo la pedali kabla ya kufungua bomba, ukiwa umeweka kipande cha mbao mahali pa pedi ili isiruke, na pistoni ya pili umeizuia kwa mbao na kibanio. Hewa ya kompresa inaweza kuirusha pistoni ikavunja vidole. Nusu mbili za kalipa usizitenganishe, hakuna haja.

Kwangua mfereji kwa kijiti cha shaba au mbao ngumu, usitumie bisibisi. Osha kwa spiriti au mafuta mapya ya breki, kamwe si petroli wala dizeli, mpira utavimba. Kromu yenye vishimo, hata kimoja kikiwa eneo linalopita kwenye mpira, inataka pistoni mpya. Paka mpira mpya grisi maalumu ya mipira ya breki au mafuta ya breki, ingiza pistoni kwa vidole vya mikono miwili ikiwa imenyooka, na kidato uwe umeshakipima kwa bati lako la nyuzi 20 kabla haijazama.

Kalipa irudishwe kwa Nm 115. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka kwenye chupa isiyowahi kufunguliwa, kwa kuwa mafuta haya hunywa unyevu wa hewa, na maji yakishaingia huchemka kwenye mteremko mrefu na kula silinda kwa kutu. Badilisha mafuta yote ya mfumo, kila miaka miwili. Kwenye gari la usukani kulia anza kutoa upepo nyuma kushoto, halafu nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Unapokanyaga kwa kazi hiyo weka kipande cha mbao chini ya pedali isifike sakafuni. Masta silinda ya miaka 40 ina eneo la mwisho ambalo mpira haujawahi kufika, pana kutu na uchafu, ukiupeleka huko unachanika siku hiyohiyo na utatafuta masta mpya.

Kabla gari halijasogea kanyaga pedali mara kadhaa mpaka iwe juu na ngumu, angalia kiwango kwenye chupa, chomeka waya za senza. Bolti za magurudumu Nm 110. Baada ya mwendo wa kwanza shika rimu zote mbili za mbele kwa uangalifu. Kushoto ikiwa ya moto kuliko kulia, pistoni ile bado haijarudi vizuri.